Kutenga eksosomu kwa utafiti wa mishipa ya damu kwenye saratani za mfumo wa chakula: uchague njia ipi?

Anayeanza utafiti wa eksosomu, vifuko vidogo ambavyo seli humwaga nje, huuliza kwanza njia ipi inatoa eksosomu nyingi. Kwa anayechunguza uotaji wa mishipa ya damu, swali hilo linampoteza. Seli ya saratani inayomwaga eksosomu humwaga pia VEGF, ile protini inayoamuru mishipa ichipue, na VEGF hiyo huelea huru kwenye maji yale yale. Ukitenga eksosomu ovyo utabeba na VEGF. Utaimimina juu ya seli za mishipa, mirija itajengeka vizuri chini ya hadubini, na utaandika kwamba eksosomu ndizo zilizofanya kazi. Huna ushahidi huo. Uchafu uliobaki kwenye sampuli unafanya kazi ile ile unayotaka kuipima, na hilo ndilo linaloutofautisha utafiti huu na tafiti nyingine nyingi za eksosomu.

Kwa hiyo njia nne ninazozilinganisha hapa nazipima kwanza kwa jambo moja: njia hiyo inabakiza VEGF huru kiasi gani ndani ya sampuli? Wingi, gharama na muda vinafuata baadaye.

Mzigo uko ndani, au umegandia nje?

Mwaka 1971 daktari wa upasuaji Judah Folkman alitoa hoja kwamba uvimbe hauwezi kukua kupita milimita chache bila kujipatia mishipa yake ya damu. Hoja hiyo ilizaa dawa. Mwaka 2004 Marekani iliidhinisha bevacizumab, kingamwili inayoikamata VEGF, kwa saratani ya utumbo mpana iliyosambaa. Baadaye zikaja sorafenib kwa saratani ya ini na ramucirumab kwa saratani ya tumbo. Dawa hizi huongeza muda wa kuishi, lakini kwa wagonjwa wengi uvimbe huja ukaanza kukua tena. Watafiti wanaotafuta sababu wamezigeukia eksosomu: vifuko vya utando vyenye kipenyo cha nanomita 30 hadi 150 hivi, vinavyotengenezwa ndani ya endosomu, yaani vyumba vidogo vilivyo ndani ya seli, na kumwagwa nje endosomu inapoungana na utando wa seli.

Maelezo ya namna zinavyootesha mishipa yako makundi mawili, na kundi unalolichunguza ndilo litakaloamua njia ya kutenga.

Kundi la kwanza linasema mzigo uko ndani. Kwenye saratani ya utumbo mpana, utafiti wa mwaka 2018 ulionyesha eksosomu zikipeleka miR-25-3p, moja ya maikro-RNA (vipande vifupi vya RNA vinavyozima jeni), kwenye seli za mishipa. Huko ikazima KLF2 na KLF4, protini zinazoongoza jeni nyingine. KLF2 ilipozimwa, VEGFR2, kipokezi cha VEGF kwenye seli ya mshipa, kikapanda. KLF4 ilipozimwa, protini zinazobana seli za mshipa zishikane, yaani ZO-1, okludini na klaudini-5, zikashuka. Matokeo yake mishipa ikachipua na pia ikavuja, na mshipa unaovuja ni njia ya seli za saratani kusafiri. Kwenye saratani ya tumbo zimetajwa miR-130a inayozima c-MYB na miR-135b inayozima FOXO1. Kwenye ini kuna miR-210, inayozima SMAD4 na STAT6, na miR-103, inayolegeza viungio vya seli za mshipa.

Kundi la pili linasema mzigo uko nje. Mwaka 2019 kulichapishwa utafiti ulioonyesha kwamba aina moja ya VEGF, ile yenye asidi amino 189 (VEGF189), hugandia juu ya vifuko hivi kwa sababu ina mvuto mkubwa kwa heparini na sukari za jamii yake. Ikiwa pale juu haihitaji kumezwa na seli ya mshipa. Inagusa kipokezi na kazi inaanza. La kutisha zaidi ni kwamba ikiwa imegandia hivyo, bevacizumab haiitambui vizuri, na nusu-uhai wake unarefuka.

Mimi naona makundi haya yote mawili yana haki, na huenda kwenye uvimbe mmoja yanafanya kazi pamoja. Ila sampuli yenye VEGF huru haiwezi kuyatenganisha.

Njia yenyewe

Kongwe kuliko zote ni ultrasentrifuji, mashine inayozungusha sampuli kwa kasi kubwa mno. Unazungusha kwanza kwa nguvu ya 300 g (mara 300 ya mvutano wa dunia) kuondoa seli, kisha 2,000 g kuondoa mabaki ya seli zilizokufa, kisha 10,000 g kuondoa vifuko vikubwa, na mwisho 100,000 g kwa dakika 70 au zaidi hadi eksosomu zikae chini kama mashapo ambayo mara nyingi huyaoni kwa macho. Unamwaga maji ya juu, unatawanya mashapo kwenye PBS, maji ya chumvi yenye bafa, unazungusha tena. VEGF huru ni molekuli ndogo, yenye uzito wa kilodaltoni 45 hivi, na kwa muda huo haitulii chini. Inayobaki ni ile iliyokuwemo kwenye tone la maji juu ya mashapo, ndiyo maana mzunguko wa pili wa kuosha haurukwi hata kama unapoteza sehemu ya eksosomu. Kwa kipimo chetu cha kwanza njia hii inafaulu.

Matatizo yake yako kwingine. Eksosomu hugandamizwa zikashikana mafungu, na fungu halimezwi na seli kama kifuko kimoja. Mashine yenyewe ni ghali, rota ina idadi maalumu ya mizunguko kabla ya kustaafishwa, na fundi wake huenda akatoka nje ya nchi. Halafu kuna umeme. Ukikatika dakika ya 50, rota inapungua mwendo bila mpangilio, mashapo yanajichanganya upya na sampuli ya mgonjwa ambayo haitapatikana tena inaingia mashakani. Maabara isiyo na umeme wa akiba unaobeba mashine nzima, na siyo kompyuta tu, isiijenge shahada ya mtu juu ya ultrasentrifuji.

Ya pili ni kolamu ya jeli, inayotenganisha kwa ukubwa. Hii ndiyo ninayoipendekeza kwa wengi, kwa hiyo nitaieleza kwa karibu. Unajaza kolamu mililita 10 za jeli ya Sepharose CL-2B, au unanunua iliyokwisha kujazwa. Punje za jeli zina vitundu. Molekuli ndogo huingia vitunduni na kuchelewa. Eksosomu haziingii, hupita pembeni na kutoka mapema. Unasubiri PBS iliyochujwa ishuke hadi usawa wa jeli, unaweka nusu mililita ya sampuli taratibu kwa pipeti ukingoni bila kuichimba jeli, unaiacha iingie yote, ndipo unaongeza PBS na kuanza kukusanya nusu mililita nusu mililita kwenye vichupa vilivyoandikwa namba. Mililita tatu za mwanzo huwa hazina kitu. Eksosomu kwa kawaida hutoka kwenye vichupa vya 7 hadi 9. Albumini na VEGF huru huja nyuma sana.

Uzuri wake ni kwamba usafi unaupima mwenyewe. Pima VEGF kwa ELISA, kipimo cha protini kinachotumia kingamwili, kwenye kila kichupa, kuanzia cha 1 hadi cha 20, kisha pima CD81 au CD63, protini zinazotambulisha eksosomu, kwenye vichupa hivyo hivyo. Ukiona vilima viwili vilivyoachana, kimoja cha eksosomu na kingine cha VEGF, umeshajua sampuli yako ina nini. Ukiona VEGF kidogo imeinuka palepale kwenye kilima cha eksosomu, usiikasirikie: huenda hiyo ndiyo ile iliyogandia nje, na pengine ndiyo habari kubwa ya tasnifu yako. Hakuna njia nyingine kati ya hizi inayokuonyesha jambo hili kwa mchoro mmoja. Zaidi ya hapo, vifuko vinatoka vizima na vimetawanyika, tayari kuwekwa juu ya seli.

Kasoro yake ni kwamba inazimua sampuli, na haiwezi kupokea mililita 200 za maji yaliyolishia seli. Hapo unalazimika kuyapunguza kwanza kwa kichujio cha utando, na uchaguzi wa utando ni jambo dogo linaloharibu kazi kubwa. Utando unaozuia molekuli za zaidi ya kilodaltoni 10 unaizuia VEGF na kuilimbikiza pamoja na eksosomu. Wa kilodaltoni 100 unaiachia ipite. Chukua wa 100.

Ya tatu ni kugandisha kwa polietilini glaikoli, PEG, ambayo ndiyo iliyomo kwenye vifurushi vingi vya dukani vinavyoahidi eksosomu kwa hatua chache. Unachanganya, unaacha usiku kucha kwenye jokofu, asubuhi unazungusha kwa sentrifuji ya kawaida ya mezani. Mashapo ni manene, yanaonekana, na mwanafunzi hufurahi. Lakini PEG haichagui. Inashusha eksosomu, albumini, kingamwili, lipoprotini (chembe zinazobeba mafuta kwenye damu), na protini nyingine zilizokuwa zikielea, VEGF ikiwemo. PEG yenyewe hubaki kwenye sampuli na kuingia hadi kwenye kisahani cha seli. Kwa mtu anayetafuta maikro-RNA kwenye damu ili aone kama inaweza kusaidia utambuzi wa saratani, naweza kumwelewa akiitumia, akieleza mipaka yake wazi. Kwa jaribio la kuotesha mishipa, siikubali hata kidogo, na nikiwa mhakiki wa andiko lililoitumia peke yake ningelirudisha.

Ya nne ni kunasa kwa kingamwili: shanga za sumaku zilizovikwa kingamwili dhidi ya CD9, CD63 au CD81. Ni safi sana, na ukitumia alama ya seli za epithelia kama EpCAM unaweza kukaribia eksosomu zilizotoka kwenye uvimbe wenyewe badala ya zile za chembe sahani, chembe za damu zinazosaidia damu kuganda. Tatizo ni kuzitoa eksosomu kwenye shanga. Kemikali ya kuzibandua inaweza kuharibu protini za nje, yaani kuing'oa ile ile VEGF ya juu unayoitafuta. Itumie kujua eksosomu zimebeba nini. Kwa kujua zinafanya nini, tafuta njia nyingine.

Kabla hujafika kwenye njia: kichupa cha damu

Hapa ndipo tafiti nyingi zinapokufa kimya kimya. Chembe sahani zimejaa VEGF. Damu ikiachwa igande ili upate seramu, chembe sahani huachia VEGF yote hiyo pamoja na vifuko vyao wenyewe, na hakuna kolamu itakayokuambia kifuko kipi ni cha uvimbe. Kwa hiyo kati ya seramu na plazma, yaani maji ya damu iliyozuiwa isigande, chagua plazma. Kati ya vichupa vya plazma, chukua chenye sitreti, kifuniko cha buluu, au EDTA, cha zambarau. Cha heparini, kile cha kijani, kiache kabisa: heparini huvuruga PCR, kipimo cha kuzidisha na kupima vinasaba, na kama nilivyosema, VEGF189 inashikilia eksosomu kwa mvuto ule ule ilio nao kwa heparini, hivyo unaweza kuibandua kabla hujaanza kazi.

Zungusha kwa 2,500 g dakika 15, hamisha plazma bila kugusa tabaka jeupe, zungusha tena vivyo hivyo, ndipo ugandishe kwenye nyuzi 80 chini ya sifuri. Mzunguko wa pili ukifanyika baada ya kugandisha haufai, maana chembe sahani zimeshapasuka.

Mgonjwa awe hajala. Lipoprotini kubwa za mafuta ya chakula zina ukubwa wa eksosomu na hutoka pamoja nazo kwenye kolamu. Kwa ultrasentrifuji mambo yamegeuka: zile kubwa ni nyepesi na huelea, lakini HDL, lipoprotini ndogo ambayo ina uzito wa ujazo unaokaribiana na wa eksosomu, hushuka nazo, na HDL hubeba maikro-RNA. Kwa plazma, anayeweza kuunganisha njia hizi mbili, kolamu kwanza halafu mzunguko wa kasi, anapata sampuli safi kuliko anayetumia mojawapo.

Kuna mawili yanayotuhusu sisi wa Afrika Mashariki kuliko watu wa Kyoto au Boston. Chembe nyekundu zilizoingiwa na malaria humwaga vifuko kwa wingi, kwa hiyo kipimo cha haraka cha malaria kifanyike siku ya kutoa damu, hata kwa mtu asiye na homa. Na kirusi cha UKIMWI kina kipenyo cha nanomita 100 hivi na uzito wa ujazo unaolingana na wa eksosomu. Si kolamu wala ultrasentrifuji inayokitenganisha. Hali ya maambukizi na kiwango cha virusi viandikwe kwenye kumbukumbu za kila sampuli, na usalama wa maabara uzingatie hilo.

Seli kwenye kisahani dhidi ya plazma ya mgonjwa

Ukikuza seli, una udhibiti zaidi, ila kuna mtego mmoja: seramu ya ng'ombe inayowekwa kwenye chakula cha seli ina eksosomu zake. Kuiondolea eksosomu kunahitaji 100,000 g kwa saa 18 hivi. Kama huna mashine hiyo, lishe seli bila seramu kwa saa 24 hadi 48 za mwisho, uhesabu zilizokufa. Zikifa nyingi, unachokusanya ni mabaki yao. Na kila mara pitisha kwenye kolamu chakula cha seli ambacho hakijagusa seli yoyote, ukipime juu ya seli za mishipa sawasawa na sampuli. Bila hicho, picha zote hazina maana.

Upande wa seli zenyewe, sehemu kubwa ya kazi zilizochapishwa imetumia seli za utumbo mpana kama SW480 na HCT116, za tumbo na za ini. Saratani ya umio, inayowaangusha watu kwenye ukanda unaoshuka kutoka Ethiopia kupitia Kenya, Tanzania na Malawi hadi Afrika Kusini, na ambayo kwetu ni ya aina ya skwamasi, yaani ya seli bapa, imeguswa kidogo zaidi, na seli za KYSE zinazotumika sana zilitoka kwa wagonjwa wa Japani. Ndiyo maana plazma ya mgonjwa wa Eldoret au Moshi ina thamani kubwa, na ndiyo maana naumia nikiona inamwagiwa PEG.

Kujua nani ameotesha mshipa

Jaribio la mirija, ambapo seli za mshipa wa kitovu huwekwa juu ya Matrigel, jeli ya protini inayoiga tabaka linaloshikilia seli, hutoa jibu ndani ya saa 4 hadi 16. Chagua Matrigel iliyopunguzwa vichocheo vya ukuaji. Inasafirishwa ikiwa imeganda na hushikana ikipata joto, kwa hiyo mizigo inayokaa bandarini au uwanja wa ndege mara nyingi hufika imeharibika. Mbadala ni yai la kuku lililorutubishwa: unafungua dirisha kwenye ganda, unaweka sampuli juu ya utando wenye mishipa kati ya siku ya 8 na ya 10, unahesabu mishipa siku chache baadaye. Mayai yanapatikana kwa mfugaji wa jirani na mishipa ni ya kweli, yenye damu inayotembea. Ubaya wake ni kwamba ganda likitoa vumbi juu ya utando, vumbi hilo linaweza kuamsha mishipa. Ningefanya yote mawili nikiweza, na yai nikilazimika kuchagua moja, kwa sababu mirija kwenye Matrigel hujengwa hata na seli ambazo si za mishipa.

Kwenye jaribio lolote kati ya hayo mawili, weka sampuli katika makundi manne: eksosomu peke yake, eksosomu na bevacizumab, eksosomu na dawa inayozima VEGFR2 kutoka ndani kama sunitinib, na eksosomu zilizooshwa kwa heparini ili kuibandua VEGF ya nje. Mirija ikitoweka kwa bevacizumab, umebeba VEGF huru. Rudi kwenye kolamu. Ikibaki kwa bevacizumab lakini ikatoweka kwa sunitinib na kwa kuosha, VEGF ya juu ndiyo inayofanya kazi. Ikibaki hata baada ya kuosha, tafuta maikro-RNA ndani. Muda nao unasema: VEGF huamsha kipokezi ndani ya dakika chache, lakini maikro-RNA inahitaji siku moja au mbili kuzima protini.

Kipimo cha dozi kiandikwe kwa idadi ya chembe, siyo mikrogramu za protini peke yake, maana sampuli chafu ina protini nyingi na eksosomu chache. Uwiano wa chembe bilioni 30 au zaidi kwa kila mikrogramu ya protini ni dalili ya usafi mzuri. Na kama hujathibitisha kwamba vifuko vyako vimetoka kwenye endosomu, fuata MISEV, mwongozo wa kimataifa wa utafiti wa vifuko vya nje ya seli, ambao toleo lake jipya lilitoka mwaka 2024, uviite vifuko vidogo vya nje ya seli.

Ningechagua hivi

Una mililita moja ya plazma ya mgonjwa na huna ultrasentrifuji: kolamu, vichupa 7 hadi 9, ELISA ya VEGF kwenye vyote, kisha yai. Una lita ya maji ya seli na umeme wa uhakika: utando wa kilodaltoni 100, kolamu, halafu ultrasentrifuji kama ipo. Unataka tu kujua kama miR-25-3p imepanda kwenye damu ya wagonjwa wa utumbo mpana, bila kudai lolote kuhusu mishipa: kunasa kwa kingamwili, au kolamu. Umeshanunua kifurushi cha PEG na bajeti imeisha: kitumie kupunguza ujazo wa sampuli tu, kisha ipitishe kwenye kolamu uliyojaza mwenyewe. Chupa moja ya jeli inajaza kolamu nyingi, na kila moja huoshwa ikatumika tena mradi usichanganye wagonjwa.